Daraja ya Matadi: iko ya kuangalia ao ya kupita?



Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kisha chakula cha jioni, kulikuwa mashindano ya maswali kati ya mwaka wa tatu na mwaka wa nne. Wengi wenu mulikuwa pale. Swali la saba lilikuwa hili: daraja kubwa kuliko zote ya kuning'inia katika inchi yetu ni gani? Kijana mmoja wa mwaka wa tatu alisimama mbio na kujibu: «Daraja ya Matadi, mita 722!» Tulipiga makofi. Mwalimu aliyeongoza akamuuliza tena: inaunganisha wapi na wapi? Kijana akanyamaza, akaangalia dari, kisha akasema: «Kinshasa na Brazzaville.» Watu wakapiga makofi tena.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuandika. Kati ya Kinshasa na Brazzaville hakuna daraja. Watu wanavuka na mashua. Sisi mafinalisti tunajua mita 722 kwa kichwa tangu mwaka wa kwanza, tunaweza kuzisema hata katika usingizi, lakini daraja yenyewe hatuijui.

Sababu ya pili ni neno lililotoka nyuma ya ukumbi. Mwenzetu mmoja wa darasa letu, mtu wa upande wa Walikale, alisema kwa sauti ndogo: «Kwetu daraja haiko ya kuangalia. Iko ya kupita.» Watu wakacheka sana. Sisi makapita tulicheka kuliko wengine. Tutarudi kwa neno lile, maana tangu siku ile halikutuacha.

Kwanza tuseme kweli moja: mtoto wa Goma hajui daraja ni kitu gani. Mji wetu hauna mto. Mvua inanyesha kwa nguvu mpaka mabati inalia, na kisha saa moja maji imekwisha kuingia ndani ya mawe ya volkano. Maji ya kunywa inatoka ziwani, juu ya kichwa ao juu ya chukudu. Wenzetu wa Bukavu wanavuka daraja ya Ruzizi wakienda ngambo. Sisi kwa kwenda Gisenyi tunapita Grande Barrière na Petite Barrière. Wao wana daraja, sisi tuna bariyeri! Tunajua kupita juu ya lava tu, ile ya mwaka 2002 iliyokata mji mpaka ziwani, na ile ya 2021 iliyosimama karibu. Kwa hiyo si ajabu kijana wa mwaka wa tatu akitundika daraja pale hakuna daraja.

Sasa tusikilize mambo ya Matadi. Jina lake kwa Kikongo ni mawe, na kwa jina hilo watu wa Goma wangejisikia kwao. Mji uko kwenye kilima, ukingo wa kushoto wa mto Kongo. Meli za bahari zinafika pale na haziwezi kupita mbele, sababu juu yake mto unaanguka maanguko kwa maanguko mpaka karibu na Kinshasa. Ndiyo maana reli ilijengwa tangu 1890 mpaka 1898, kwa kuzunguka maanguko ile, na watu wengi sana walikufa katika kazi. Lakini Boma, Moanda na Banana ziko ngambo ya pili, ukingo wa kuume. Mtu wa Matadi aliyetaka kwenda Boma kwa gari alingoja kivuko. Mto pale ni mwembamba, lakini ni wenye kina kirefu na wenye mbio, na mbele kidogo kuna mahali maji inazunguka vibaya mpaka wazungu wa zamani wakapaita Chungu cha Jehanamu. Huwezi kusimamisha nguzo katikati ya maji ya namna ile.

Hapo ndipo ufundi wa kuning'inia unakuja. Walimu wetu wa fizika wametueleza kwa chaki, na sisi tunarudilia kwa maneno ya kawaida. Unasimamisha minara miwili mirefu, mmoja kila upande. Unapitisha juu yake kamba mbili kubwa za chuma, kila moja ni nyaya nyembamba nyingi zilizofungwa pamoja. Mwisho wa kamba unaufunga katika uzito mkubwa sana wa beto na mawe kule nyuma, kwa sababu kamba inataka kujivuta ndani ya mto siku zote, mchana na usiku. Kisha unatundika barabara kwa kamba ndogo zinazoshuka. Lori ikipita katikati, uzito wake unapanda kwa kamba ndogo, unafika kwa kamba kubwa, unakwenda minarani na nyuma katika mawe. Katikati ya mto hakuna kitu. Kwa Matadi, kati ya mnara na mnara kuna mita 520 za hewa, na meli za bahari zinapita chini yake.

Kazi ilianza 1979. Wajenzi walikuwa Wajapani pamoja na wafanyakazi Wakongomani, kwa mkopo wa Japani, na daraja ikafunguliwa 20/5/1983. Mobutu alikuwa amepokea cheo cha maréchal miezi michache mbele, basi ikaitwa Pont Maréchal. Leo jina ni Daraja ya Matadi tu, lakini wazee bado wanaita ile ya kwanza, sawa yule kijana ambaye angeweza kuisema vilevile.

Hapa tunawapa jambo ambalo halimo katika daftari la jografia, na tulifurahi kulipata. Daraja ya Brooklyn ya New York, inayojulikana dunia nzima, ilifunguliwa 24/5/1883. Fanyeni hesabu: ni miaka 100 kasoro siku 4 mbele ya Matadi. Na kati ya minara yake kuna mita 486. Ya kwetu inaizidi mita 34! Lakini tusijivune kupita kiasi. Golden Gate ya San Francisco, ya mwaka 1937, ina mita 1280. Na wale wanaosema kwamba Matadi ndiyo ya kwanza katika Afrika wamechelewa: tangu Novemba 2018 Maputo katika Msumbiji wana daraja yenye mita 680 kati ya minara, iliyojengwa na Wachina. Tunaomba swali hilo lirekebishwe katika daftari la mashindano, maana jibu lililoandikwa mule ni la zamani.

Sasa, watu wanasema Matadi ingepaswa kuwa mahali pa watalii, kama Brooklyn. Tulizungumza hilo chumbani mpaka taa ikazimwa (na hata kisha taa kuzimwa, tunaungama). Mmoja wetu alisema watalii wanatafuta urefu. Hapana. Watalii hawapimi. Brooklyn ina njia ya mbao kwa watu wa miguu, juu ya magari, na kila siku maelfu wanapita pale, wengine kwa kazi yao, wengine kwa kutazama mji. Mbele ya daraja, watu wa Brooklyn walivuka na mashua, na wakati wa baridi barafu ilifunga mto, kazi ikasimama. Kwa hiyo walijenga kwa kupita. Kuangalia kulikuja nyuma, na kunaendelea kwa sababu kupita kunaendelea.

Ziko daraja zingine za kuangalia tu, hatukatai. Karibu na Vancouver, inchi ya Kanada, iko ile ya Capilano, iliyoanzishwa 1889 na mtu mmoja aliyetaka kuvuka bonde kwenye shamba lake, kwa kamba za katani na mbao za mwerezi. Leo ni ya chuma, na watu wanalipa feza kuvuka na kurudi palepale walipotoka. Hata karibu nasi, katika msitu wa Nyungwe, Rwanda, tangu 2010 iko njia ya kuning'inia juu ya miti, karibu mita 160, na mgeni anailipa kwa dola. Mzee mmoja tuliyemwelezea jambo hili alituuliza: «Wanalipa juu ya kwenda wapi?» Tukamwambia hawaendi popote. Akatikisa kichwa na kuendelea na kazi yake.

Na Matadi je? Hapa tunasema bila kuficha. Daraja ile ilijengwa na nguvu ya kubeba treni. Shauri la kwanza lilikuwa kwamba reli itoke Matadi mpaka Banana, pale ambapo wangejenga bandari yenye kina kwa meli kubwa. Lakini bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, feza ya inchi ikapungua, reli haikujengwa. Kwa hiyo tangu 1983 daraja inabeba magari, na nafasi ya treni inangoja. Bandari ya Banana, jiwe la kwanza liliwekwa Januari 2022, miaka karibu 40 kisha daraja. Wengine wakisikia habari hiyo wanacheka na kusema ni kazi ya bure, ni fahari ya mkubwa mmoja. Sisi hatukubali yote. Muulize dereva wa Boma kama ni bure. Anapita kwa dakika chache pale ambapo baba yake alingoja kivuko.

Na liko jambo lingine ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko mita. Daraja ya chuma juu ya mto, karibu na bahari, inakula kutu kama hamuichungi. Septemba 1991 watu walipora Kinshasa, wageni wengi wakaondoka, Wajapani vilevile. Kisha vita zikaja, mshahara ukawa shida. Lakini mafundi Wakongomani wa shirika la OEBK, lililowekwa kwa kazi ya Banana na Kinshasa, waliendelea kukagua, kupaka rangi, kukaza vis, na feza ya wanaolipa kwa kupita ikasaidia. Wajapani waliporudi kusaidia tena, miaka mingi ilikuwa imepita, na daraja ilikuwa ingali imesimama na magari inapita. Hiyo ndiyo tungependa mgeni aonyeshwe: mtu na ndoo ya rangi. Lakini katika inchi yetu, mgeni akitoa aparey kwa kupiga picha ya daraja, mara moja askari anakuja, maana daraja inahesabiwa kitu cha ulinzi. Tunaelewa sababu wakati wa vita. Lakini hamuwezi kuita mtu aje kuangalia, kisha mkamkamata kwa sababu ameangalia.

Sasa turudi kwa mwenzetu wa Walikale, maana hii ndiyo iliyotuuma.

Kisha mashindano tulikwenda kwake, tukamwambia atueleze neno lake. Hakutaka kwanza. Alifikiri tunataka kumcheka tena. Kisha akasema. Kwao wanajenga daraja kwa magogo, miti mirefu miwili ao mitatu, na mbao juu yake. Mzee wa nyumbani kwao alijua hata kufunga zile za kuning'inia kwa kamba za msitu, kutoka mti mkubwa wa upande huu mpaka mti mkubwa wa ngambo, na mtu anapita mmoja mmoja, inatikisika kama kitanda. (Tumesoma kwamba katika Côte d'Ivoire, upande wa Man na Danané, daraja za namna hiyo zingali zinasukwa, na wageni wanatoka mbali kuziona, wanavua viatu na kupita. Mwenzetu aliposikia hivyo alicheka yeye sasa.) Minara ni miti, nyaya ni kamba za msitu, na uzito wa nyuma ni mizizi. Ufundi ni uleule wa Matadi. Sisi tulikuwa tunafikiri umetoka Japani.

Kisha akatueleza habari ya Januari. Alitoka nyumbani siku tatu mbele ya masomo kuanza. Alipofika mtoni, daraja ya magogo haikuwa. «Ilienda na mayi usiku. Nilingoya siku tano. Watu ya pale walikata miti, tukasaidia kubeba. Siku ya sita nikapita, nikatafuta moto, moto ikakwama mu matope.» Alifika shuleni akiwa amechelewa siku 9, na viatu mkononi.

Nani alikuwa mlangoni na daftari la wachelewaji? Sisi. Tunakumbuka vizuri sana. Daftari lina mistari mitatu ya sababu: ugonjwa, kilio, minervali. Tulimuuliza: ulikuwa mgonjwa? Hapana. Kulikuwa kilio nyumbani? Hapana. Ulikosa minervali? Alikuwa nayo mfukoni, imelowana, alitaka kutuonyesha. Basi tukaandika: siku 9, bila sababu. Akafagia vyoo juma moja. Akakatwa alama za mwenendo. Na alipata sifuri mbili, ya hesabu na ya fizika, sababu majaribio mawili yalifanyika wakati yeye alikuwa anabeba magogo.

Tunasema wazi: hakuna mwalimu aliyetuambia tuandike «bila sababu». Tuliandika sisi wenyewe, kwa kalamu yetu, tukaona tumefanya kazi vizuri. Hatukumuuliza njia ilikuwa namna gani. Na miezi miwili kisha pale tuliketi na kupiga makofi kwa daraja ya Matadi, ambayo hakuna mmoja wetu aliyeiona, na ambayo kutoka hapa hatuwezi kuifikia kwa gari hata tukitaka, kwa kuwa hakuna barabara nzima ya kutoka Goma mpaka kule. Kumbe nyuma ya ukumbi aliketi mtu ambaye amejenga daraja kwa bega lake ili aje kusoma na sisi.

Mwaka huu wanafunzi wengi wanatoka mbali, na njia ni mbaya kuliko zamani. Tangu vita ilifika mjini Januari 2025, wengine wanazunguka sana kwa kufika. Tunaandika juu yao pia, si juu ya mmoja.

Basi tunaomba mambo mawili, na tunaomba kwa heshima.

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Nidhamu: turuhusiwe kuongeza mstari wa nne katika daftari, «njia na daraja». Tumekwisha kusikia maneno ya wenzetu makapita wawili wasiokubali. Wanasema: kila mtu atakuja na daraja iliyovunjika. Jibu letu ni jepesi. Wa Himbi, wa Katindo na wa Ndosho hawawezi kusema hivyo, mto watautoa wapi? Na kwa wanaotoka mbali, barua ya mchungaji wa kwao ao ya mkubwa wa kijiji inatosha, na mtu akikosa barua, atazame viatu vyake. Tunajua kwamba wengine watadanganya. Wengine wanadanganya na kilio pia, tena bibi mmoja amekwisha kufa mara tatu katika daftari letu, na hatukufuta mstari wa kilio.

Kwa waalimu wa hesabu na fizika: yule mwenzetu apewe majaribio yake mawili. Mtihani wa Serikali uko karibu, na alama za mwaka zina uzito. Hatuombi apewe alama za bure. Hata yeye hataki. Alisema anataka maswali tu.

Kwa ninyi wadogo wa mwaka wa kwanza na wa pili: mukiulizwa katika mashindano, jibuni hivi. Daraja ya Matadi inaunganisha ukingo wa kushoto na wa kuume wa mto Kongo, njia ya kwenda Boma na Moanda. Mita 722 yote pamoja, mita 520 kati ya minara. Na mkiulizwa ni nani aliyeijenga, msiseme Mobutu.

Kuhusu sisi makapita, tumekwenda kwa mwenzetu kuomba masamaha, wote watano, si kwa barua. Alitukubali, lakini alitaka kuona daftari. Tulilileta. Alisoma ukurasa wa Januari kwa kidole, akafika kwa jina lake, akaomba kalamu. Hakufuta kitu. Kando ya «bila sababu» aliandika jina la mto.

Ameahidi pia kutueleza katika namba ijayo namna ya kufunga magogo yasizunguke mtu akipita. Tumemwambia asipite kurasa mbili, juu karatasi ya gazeti imebaki kidogo.